General Motors: majina yalikufa kwanza, au fedha ndizo zilizoisha kwanza?

Msomaji wa Usiku

Ndugu zangu, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia historia ya General Motors, na kuna jambo ambalo bado linanitatiza. Kampuni hii ilianzishwa na William Durant mwaka 1908 huko Flint, Michigan, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa ikiuza karibu nusu ya magari yote mapya yaliyonunuliwa Marekani. Iliongoza duniani kwa mauzo kwa zaidi ya miaka 70, hadi Toyota ilipoipita mwaka 2008. Tarehe 1 Juni 2009 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi, na serikali ya Marekani ikalazimika kuinyanyua kwa takriban dola bilioni 50.

Maelezo ninayokutana nayo ni yale yale: mzigo wa pensheni, ushindani wa Wajapani na msukosuko wa fedha wa 2008. Siyakatai. Lakini Oldsmobile, mojawapo ya majina ambayo kampuni iliuzia magari yake, ilizikwa mwaka 2004, miaka minne kabla ya msukosuko huo. Ndipo ninapouliza: je, fedha ziliisha ndipo majina yakafa, au majina ndiyo yaliyotangulia?

Bampa la Chuma

Kwa maoni yangu majina yalitangulia, na kwa mbali. Kumbuka jinsi Alfred Sloan, aliyeshika urais wa kampuni mwaka 1923, alivyozipanga chapa zake kama ngazi. Kijana aliyepata kazi alianza na Chevrolet, akipanda cheo anaiangalia Pontiac, kisha Oldsmobile, kisha Buick, na aliyefika alijulikana kwa Cadillac yake. Kila daraja lilikuwa na wahandisi wake, injini zake na hata tabia yake barabarani. Oldsmobile ndiyo iliyoleta gia za kujibadilisha zenyewe katika magari ya kawaida, kwenye matoleo ya 1940, na mwaka 1966 ikatoa Toronado inayovutwa na magurudumu ya mbele, wakati hakuna Mmarekani mwingine aliyekuwa akitengeneza gari la namna hiyo.

Ngazi ina maana tu ikiwa madaraja yake yanatofautiana. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 na sheria ya 1975 iliyowataka watengenezaji wapunguze unywaji wa mafuta, kampuni ililazimika kuyasanifu upya magari yake karibu yote kwa pamoja, na njia nafuu ilikuwa kutengeneza gari moja na kulibandika nembo nne. Mwaka 1982 ikaja Cadillac Cimarron. Chini yake lilikuwa gari lile lile la Chevrolet Cavalier: injini ya lita 1.8 yenye silinda nne, nguvu farasi 88, ila viti vya ngozi na bei ya zaidi ya dola 12,000. Cadillac haikuwa imeuza gari la silinda nne tangu mwaka 1914. Mteja wa Cadillac alikuwa akinunua umbali kati yake na mwenye Chevrolet, na sasa umbali wenyewe ulikuwa umebaki kwenye ngozi ya viti.

Mwaka 1985 washindani wao wa Lincoln walitoa tangazo la televisheni ambalo hadi leo naliona kuwa hukumu kamili ya suala hili. Waungwana wanatoka nje usiku kusubiri magari yao. Mhudumu analeta moja, wawili watatu wanalidhania kuwa lao, na hakuna mwenye uhakika kama ni Cadillac, Buick au Oldsmobile, hadi anapotokea mwenye Lincoln, ambaye gari lake halihitaji kuulizwa.

Fundi Mstaafu

Namuunga mkono Bampa, ila ningependa tufungue boneti. Injini ya V8 ya Oldsmobile hutambulika kwa kuitazama tu: mrija wa kujazia oili umesimama mbele kabisa ya injini. Kwenye V8 ya Chevrolet kifuniko cha oili kiko juu ya kava ya valvu, na filta ya oili imekaa kwingine kabisa. Kwa fundi, kuzichanganya ni kama kumchanganya ng'ombe na punda.

Sasa, mwaka 1977 mwenye gari mmoja jijini Chicago alipeleka Oldsmobile yake mpya, aina ya Delta 88, ikafanyiwe matengenezo madogo, na spea za Oldsmobile zikakataa kuingia. Injini ilikuwa ya Chevrolet. Kampuni ilikuwa imepungukiwa na injini za Oldsmobile, ambazo ilizitangaza kwa miaka mingi kwa jina la Rocket, ikaweka za Chevrolet bila kumwambia mnunuzi. Ujazo ulilingana, na kusema kweli injini ya Chevrolet si mbovu hata kidogo. Lakini watu waliona wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Illinois alifungua kesi, majimbo mengine yakafuata, na kampuni ikaishia kuwapa wanunuzi dola 200 kila mmoja pamoja na dhamana ya ziada.

Halafu, kabla kidonda hicho hakijapona, ikaletwa dizeli ya Oldsmobile ya lita 5.7 mwaka 1978. Mgandamizo wa dizeli ni mkubwa kuliko wa petroli, lakini waliacha mpangilio ule ule wa bolti za silinda hedi uliotumika kwenye injini ya petroli, wala hawakuweka kichujio cha kutenganisha maji na mafuta. Bolti zilinyooka, gasketi zikaungua, maji yakaingia ndani ya silinda. Mwaka 1985 iliondolewa sokoni.

Hesabu Kwanza

Ninawaheshimu wote wawili, lakini mnasahau daftari la mauzo. Kashfa ya injini ilikuwa mwaka 1977, na bado mwaka 1985 Oldsmobile iliuza zaidi ya magari milioni 1. Jina lililokufa haliuzi milioni. Pili, kushirikisha chesisi na injini si kosa lenyewe: Volkswagen ilijenga Golf, Audi A3 na Škoda Octavia juu ya msingi mmoja, na hakuna aliyelalamika. Kilichoizamisha General Motors ni kwamba ilipopungukiwa na wateja iliendelea kubeba majina, viwanda, wauzaji na wastaafu wa ile kampuni iliyoshika nusu ya soko. Ndiyo maana kila chapa ilinyimwa fedha za kuwa na gari lake. Saturn, chapa nyingine ya kampuni hiyo, ilianza mwaka 1990 na kiwanda chake Tennessee, bei isiyo na majadiliano na wateja waliokipenda kiwanda hicho hadi kwenda kukitembelea kwa maelfu mwaka 1994. Ikasubirishwa miaka mingi bila gari jipya la maana, na mwishoni ikapewa magari ya Opel, chapa ya kampuni hiyo hiyo huko Ulaya, yaliyobadilishwa nembo.

Fundi Mstaafu

Hoja ya milioni nimeipokea. Lakini jiulize wanunuzi wa 1985 walikuwa akina nani. Mwaka 1988 kampuni yenyewe ilitoa tangazo la kuwaambia vijana kwamba hii si Oldsmobile ya baba yako. Baba ndiye aliyekuwa bado ananunua, na tangazo likamtukana yeye bila kumpata mwanawe. Kuhusu Volkswagen tunakubaliana: hakuna mtu anayekaa ndani ya Audi akadhani yumo ndani ya Škoda.

Msomaji wa Usiku

Nawashukuru sana. Naona sasa kwamba swali langu lilitenganisha mambo yaliyokuwa yakivutana: uhaba wa fedha ulileta magari yanayofanana, nayo yakaleta uhaba zaidi. Bado kuna jambo moja. Nimesoma kwamba Oldsmobile Aurora ya 1995 ilitoka bila jina la Oldsmobile kwa nje. Ni kweli?

Bampa la Chuma

Ni kweli. Ilikuwa na nembo yake yenyewe, na jina la mzazi ulilikuta kwenye redio. Lilikuwa gari zuri, pengine bora kuliko yote waliyotoa katika muongo ule. Desemba 2000 kampuni ikatangaza kuifunga chapa hiyo, na tarehe 29 Aprili 2004 gari lake la mwisho, aina ya Alero, likatoka kiwandani Lansing likiwa na saini za wafanyakazi walioliunda. Hilo walikuwa wameliandika jina la Oldsmobile.