Kupiga kafi Arizona mwezi wa nane: joto litaniweza?

Kijana wa Kibokoni: Wandugu, binamu yangu wa Phoenix katuandikisha kwenye kikundi: siku 3 kwa kayaki mto Colorado, chini ya bwawa la Glen Canyon, tukilala mahema mchangani. Kafi nimepiga tangu utotoni hori la Tudor, hapa Mombasa. Lakini jangwa silijui.

Babu wa Likoni: Mwanangu, hapa shati hulowa, ukajua unaishiwa maji. Kule jasho hukauka papo hapo, hulioni. Lita 4 kwa siku, kila mtu, na vitu vya chumvi.

Dada wa Tudor: Na usijirushe mtoni kama uko Mama Ngina! Maji yatoka kilindini mwa bwawa, baridi kali. Nilitumbukiza mguu, ukelele niliopiga kikundi kizima kikacheka. Tena mwezi wa nane ndio mvua zao. Yanyesha mbali, kwenu jua kali, mara korongo limejaa. Hema usilipige kwenye mkondo mkavu, hata mchanga uwe laini vipi.

Kijana wa Kibokoni: Shikamoo babu. Ahsante dada. Na choo?

Dada wa Tudor: Kambi kadhaa zina choo. Kwengine mwabeba wenyewe kwenye ndoo ya kufunga. Zamu ilinikuta mimi.