Familia ya Bibi (kundi la simu): Shughuli ya harusi ya Jumaamosi

Shangazi: Assalaam alaykum. Nani atakaa na mkoba wa michango? Kitinda asikae karibu nao. Msinielewe vibaya.

Ami: Dada, Kitinda yumo humu.

Shangazi: Najua yumo. Nampenda, ndiyo maana nasema.

Mjomba: Si ametoka soba, ile nyumba ya kuachia dawa za kulevya? Mie nilidhani arosto, yale maumivu ya kuacha, ikishapita, mtu kapona.

Dada Muuguzi: Arosto ni wiki moja hivi, mjomba. Mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, usingizi hakuna. Hamu yenyewe inaweza kumjia mtu miezi mingi baadaye. Na jueni hili: aliyekaa muda bila unga, yaani heroini, mwili umeshapoteza uzoefu. Akiteleza akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo wakati huu ndio wa kumweka karibu. Tukimfanya ajione mwizi kwao, atakwenda kwa wanaompokea, na wale wanampokea kwa unga.

Mjomba: Si bora akanywe methadone, ile dawa ya badala ya unga, hospitali ya Kidongo Chekundu?

Dada Muuguzi: Ni dawa nzuri, Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Inanywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Yeye na daktari wake walichagua soba. Akiihitaji kesho, haitakuwa aibu.

Kitinda: Shikamooni. Nimesoma yote. Shangazi, mkoba hata mie siutaki, pesa nyingi mkononi bado ni mtihani kwangu. Ila mnapoficha vitu nikiingia chumbani, naona. Mkiwa na wasiwasi niulizeni, "leo vipi?" Nitajibu kweli. Mchana sina shida, kuna skuli na mpira. Baada ya Isha ndipo hamu inaponijia, kila mtu yuko na simu yake, mie natazama dari. Nikipata mtu wa kuzungumza naye, hata habari za mpira tu, inapita.

Mama: Mie nilikuwa nikisikia pikipiki imesimama nje usiku, najua wanakuja kuniambia amekufa. Sasa nalala. Nawaomba, ndugu zangu.

Shangazi: Mkoba utakaa kwangu, hilo sibadilishi.

Kitinda: Sawa kabisa shangazi.

Shangazi: Na baada ya Isha nipigie mimi. Hii presha hainipi usingizi mpaka saa saba. Mpira siujui, utanifundisha.

Kitinda: Nitakupigia leo.

Ami: Wale wenzake wa baraza la zamani je? Bwana harusi kawaalika.

Kitinda: Nimeshamwambia sponsa wangu wa mikutano ya walioacha unga, yule aliyeacha kabla yangu na ananishika mkono. Atakuja, na nikimwambia tuondoke tunaondoka, hata kama biriani haijapakuliwa. Msiniulize mbele ya watu.

Mama: Hakuna atakayekuuliza.

Ami: Basi alfajiri njoo naye jikoni. Kuna gunia zima la vitunguu.

Kitinda: Saa ngapi?

Ami: Kumi na moja. Njooni na visu.