Mrejesho: kupika bila kuona
Assalaam aleikum. Ni yule wa Langoni, Lamu, niliyeuliza asiyeona atajuaje mafuta yamepata moto, na mama hataki nisogelee jiko la gesi. Ahsanteni, sasa napika mwenyewe.

Lililonifaa zaidi ni kutega sikio. Nadondosha kipande cha kitunguu: kikinyamaza, nangoja, kikichachatika, namlaza samaki aina ya changu, nimeshamfuta maji kwa kitambaa asirushe mafuta. Anapokaribia kuiva ule mlio mkali hupungua, kwa kuwa maji yake yanakwisha. Namchoma kwa uma. Nyama ikiachana na mwiba, naepua.

Kikaango nakitenga jikoni kabla ya kuwasha, mkono wake nimeuelekeza pembeni. Leso ya kujitanda haikaribii jiko. Kopo la chumvi nimelivisha mpira, la sukari halina. Nikimaliza nafunga mtungi wenyewe. Nazi sikuhitaji kufundishwa, mbuzi haitaki macho.

Mama bado hukaa mlangoni, eti anapunga upepo.

Kilichobaki ni chapati. Mwenye njia ya kuzigeuza bila kuungua vidole, tafadhali aniambie.