Pointi 65 ni za kukuingiza kwenye foleni tu, msidanganywe kama mimi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu anitulize.

Miezi 11 iliyopita nilikuwa na pointi 85 za viza ya ujuzi ya Australia, ile ya 189 isiyohitaji jimbo wala mwajiri wa kukudhamini. Leo nina pointi 85. Ukitazama juu juu utasema niko palepale. Katikati hapo nimeshuka hadi 80, nimepanda tena, na mfumo sasa unanihesabu kama mtu aliyebisha hodi juzi.

Nianze na wakala, maana moto huu kaukoka yeye. Jina silitaji. Alinikalisha, akafungua kompyuta, akasema: "Kiwango ni 65, wewe tunakufikisha 80 na ushee, kazi imekwisha." Kiwango ni 65 kweli. Kilikuwa 60, kikapandishwa Julai 2018. Alichonificha, au hakukijua (sijui lipi ni baya zaidi), ni kwamba 65 inakupa ruhusa ya kuweka jina kwenye SkillSelect, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Australia wa kusajili wanaotaka viza hizi, basi. Baada ya hapo ni mnada. Siku serikali ikiamua kutoa mialiko, huanza na wenye pointi nyingi na kushuka mpaka nafasi ziishe, na kila taaluma ina mstari wake. Wauguzi na walimu wamewahi kuitwa na 65 hiyohiyo. Sisi watu wa programu za kompyuta, na wenzetu wahasibu, tunatazama 85, 90, hata 95 zikitupita. Raundi zenyewe hazina siku maalumu. Unaweza kukaa miezi bila kusikia chochote.

Halafu kujaza lile tamko la nia, yaani fomu ya kusema unataka kualikwa, kwenye SkillSelect ni bure. Hata karatasi moja huambatanishi, unajibu maswali tu. Mimi nililipa "ada ya kufungua faili". Nikikumbuka kichwa kinauma.

Sasa Kiingereza. Ukipata 6 kila sehemu kwenye mtihani wa IELTS, hiyo ni pointi sifuri, umeruhusiwa kuomba tu. Ukipata 7 kila sehemu ni pointi 10, na 8 kila sehemu ni 20. Sumu iko kwenye hayo maneno "kila sehemu". Mara ya kwanza nilipata kusikiliza 8.5, kusoma 8.5, kuzungumza 8, kuandika 7.5. Cheti kimeandikwa jumla 8, kwa wino. Nikapewa 10. Nusu alama ya insha ikanila pointi 10! Nikalipa tena, nikarudi, kuandika kukashuka hadi 7. Mtu yuleyule, dakika 60 zilezile, insha mbili zilezile. Mara ya tatu nikapata 8, na wallahi siwezi kuwaambia nilibadilisha nini. Na matokeo yenyewe yanakubalika kwa miaka 3 tu, kwa hiyo wakati unasubiri, cheti nacho kinazeeka.

Lakini hilo nimelisamehe. Lililonichoma ni tathmini ya ujuzi, pale wanapopima taaluma na miaka yako ya kazi. Nilipeleka barua za kazi za miaka 6, mihuri, hati za mishahara, kila kitu. Jibu likarudi: wewe tunakuhesabu mtaalamu kuanzia tarehe fulani, ya kabla ya hapo ulikuwa unakomaa. Miaka 2 ikakatwa. Sasa ule usiku niliokuwa naamka saa 9 mfumo umeanguka na wakubwa wanapiga simu, nani alikuwa anautengeneza? Mwanafunzi? Miaka 6 ingenipa pointi 10. Iliyobaki 4 ikanipa 5. Wakala naye akashangaa, ilhali huo ni utaratibu wa siku nyingi, na kazi niliyomlipa ni kuujua.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hivi: umri wa miaka 32 pointi 30, shahada 15, Kiingereza 20, kazi 5, mtihani wa ukalimani wa lugha ya jamii 5, na 10 za kutokuwa na mke. Ndiyo, ukapera unalipa. Ukioa mtu asiye na Kiingereza cha kutosha wala taaluma iliyotathminiwa, zile 10 zinafutika. Wanaoniuliza harusi lini wanisamehe, jibu liko kwenye fomu.

Jumla 85. Nikasubiri.

Mwezi wa nane wa kusubiri nikatimiza miaka 33. Kuanzia 25 hadi 32 unapewa pointi 30, ukigusa 33 zinakuwa 25. Hakuna wa kumwandikia, hakuna rufaa, mfumo unajipunguzia wenyewe usiku wa kuamkia siku yako. Niliingia asubuhi nikakuta 80. Wakala alinitumia ujumbe wa kunitakia maisha marefu, wenye picha ya keki.

Miezi mitatu baadaye, ile miaka 4 iliyohesabiwa ikafika 5, pointi za kazi zikapanda, nikarudi 85. Nikashangilia kama mjinga. Ndipo nikaja kuelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: mkiwa wengi wenye pointi sawa, anaitwa kwanza aliyezifikisha mapema. Tarehe inayohesabiwa ni ile uliyofikia pointi ulizonazo sasa, siyo siku uliyojisajili. Pointi zikibadilika, tarehe nayo inabadilika. Miezi yangu 8 ya kusubiri na 85 imefutwa, na yule aliyefikisha 85 mwezi uliopita yuko mbele yangu. Tamko lenyewe linaishi miaka 2 kisha linakufa. Kwa hiyo nimebakiwa na miezi 13, na sehemu ya foleni niliyokuwa nayo imekwenda.

Alipoona pointi hazisogei, wakala akaja na ushauri: tujaze miaka 6 yote, tupate 90, "wakikualika tutajua huko mbele". Huko mbele kuna nini? Ukialikwa una siku 60 za kuomba viza na kuthibitisha kila pointi uliyodai. Ukidai usichoweza kuthibitisha, unanyimwa, na ada ya mwombaji mkuu, zaidi ya dola 4,500 za Australia, haikufuati nyumbani. Yeye asilimia yake ameshakula. Nilimwambia atafute mwingine wa kumtosa. Mawakala walioko Australia wanasajiliwa na orodha yao iko wazi kwa umma, kila mmoja na namba yake. Wangu nilipomuuliza namba alinijibu kwamba yeye ni "mshauri". Nilitakiwa kuuliza siku ya kwanza, najua, msiniandikie.

Kabla hamjaniambia habari za majimbo: nimeziona. Viza ya 190 inaongeza pointi 5 kwa kuteuliwa na jimbo, 491 inaongeza 15. Ya 491 ni ya muda wa miaka 5, unakaa nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane, na baada ya miaka 3 ndipo unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Sina tatizo na kukaa nje ya hiyo miji mikubwa, tena nafuu. Tatizo ni kwamba kila jimbo lina masharti yake, mengine yanataka uwe tayari unaishi huko au una mwajiri huko, na milango inafunguliwa mwaka wao wa mpango unapoanza Julai, halafu inafungwa wakati wowote nafasi zikiisha. Nimejaza mawili. Kimya.

Ninachotaka hapa ni kimoja. Kama uko kwenye taaluma za kompyuta na umealikwa kwa 189 ukiwa na 85, weka tarehe uliyofikisha hizo 85 na raundi uliyoitwa, nijue mstari uliishia wapi. Kama umealikwa na 90 au 95, hongera, lakini haunisaidii. Anayetaka kuniambia nivute subira apite kimyakimya.