Arifa ya "yamepokelewa" imekula mifuko yangu 40 ya simiti

Wadau, leo upole sina. Apu ya malipo ninayotumia dukani (jina naliacha, wenyewe wanajijua) imenifanya nigawe simiti bure, na nilipolalamika nikaambiwa kosa ni langu, sikusoma arifa hadi mwisho.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Jumapili ya Kibuye mnaijua, mtu hata jina lake halisikii. Jamaa akaja na kanta, akataka mifuko 40 kwa 740 kila mmoja, jumla Sh 29,600. Akalipa kwa simu, yangu ikalia. Nikaitupia jicho juani, mkono wa pili umeshika kitabu cha risiti. Nikaona alama ya vema ya kijani na maneno haya: "Mpendwa mteja wetu, tunakujulisha kuwa malipo ya Sh 29,600 yamepokelewa kwa…" Hapo skrini ikakata. Nikawaambia vijana wapakie.

Mkia wa ile sentensi niliuona jioni nikifunga hesabu: "…ajili ya kushughulikiwa." Kumbe kilichopokelewa ni ombi! Dakika sita baadaye ilikuwa imekuja arifa nyingine kwamba muamala haukufaulu. Nayo ilianza na Mpendwa mteja wetu, kwa mlio uleule, ikafukiwa chini ya "Jishindie pikipiki" na "Kopa sasa ulipe polepole". Nilizihesabu za siku hiyo: 17. Zilizohusu pesa yangu ni tatu. Sikio likishazoea kulia kwa bure, linaacha kusikia, na hilo si uzembe wangu.

Hiyo salamu yao ndiyo inaniuma zaidi. "Mpendwa mteja wetu, tunakujulisha kuwa" ni herufi 38 ukihesabu na nafasi. Herufi 38 za heshima kabla hujaambiwa chochote, na mstari wa simu iliyofungwa ni mfupi. Neno la maana wameliweka mahali ambapo jicho halifiki. Wangeanza na "HAIJALIPWA Sh 29,600", wakaondoa ile vema ya kijani, simiti yangu ingekuwa stoo. Kijani ni rangi ya kazi iliyokwisha, jamani. Anayesubiri hapewi kijani.

Nilisomea kompyuta kidogo kabla ya kuingia kwenye misumari na mabati, kwa hiyo msiniambie mambo haya hayajulikani. Mwaka 2003 McCrickard na wenzake wa Virginia Tech, Marekani, waliandika kwamba arifa ipimwe kwa mambo matatu: inamkatiza mtu kiasi gani, inamfanya aitikie upesi kiasi gani, na inamwachia kuelewa nini. Mmoja wa wenzake hao ni Ali Ndiwalana, ambaye baadaye alichunguza malipo ya simu hapo jirani Uganda. Sasa pimeni wenyewe. Tangazo la pikipiki halina sababu ya kunikatiza hata kidogo. Malipo yaliyokwama yanatakiwa yanishtue, niyaelewe papo hapo, nimzuie dereva wa kanta. Kwao vyote viwili vinalia "ting".

Wala si kwamba simu haziwezi. Android tangu toleo la 8, mwaka 2017, inamtaka mwenye apu agawe arifa zake kwa mafungu, kila fungu na mlio wake, na mtumiaji azime analotaka. Hawa wana fungu moja tu, linaitwa "Jumla". Nilishawahi kulizima kwa ajili ya matangazo, na malipo nayo yakanyamaza. Nikaliwasha tena. Kuna aliyekaa ofisini akaamua iwe hivyo, maana tangazo likiwa na fungu lake kila mtu atalizima siku ya kwanza.

Halafu walinitumia kidodoso: "Umefurahia huduma yetu? Chagua nyota." Nyota zitawaambia nini? Mpeni simu kijana wa duka mwenye mikono ya vumbi la simiti, saa saba mchana, posho mill inasaga mlango wa pili. Arifa iingie, mwacheni aitazame kwa sekunde mbili, mfunike skrini, mumuulize: pesa imeingia au haijaingia? Akikosea, rudini mkachore upya. Nina hakika kipimo chao kilifanyiwa mezani, kwenye simu mpya, na mtu ambaye tayari alijua jibu.

Na wale wa "ungeangalia salio kwanza": ndiyo, sasa naangalia. Wateja wanasimama foleni mimi nikibonyeza namba ya siri. Kama kila mara lazima nifungue apu, hiyo arifa inanilia ya nini?

Nimewaandikia mara mbili. Jibu lililokuja, naapa: "Mpendwa mteja wetu, tunakujulisha kuwa lalamiko lako limepokelewa kwa…" Sijalifungua.

Aliye na apu hiyohiyo na amepata njia ya kunyamazisha matangazo bila kunyamazisha malipo, aseme hapa. Ushauri wa kuhama usinipe, mafundi wangu wote wanalipia huko. Na jamaa wa kanta nyeupe, kama uko humu, namba yangu unayo kwenye risiti.