Msimu wa besiboli wa 1945 Marekani: tuuhesabu au tuuwekee kinyota?

MlinziWaZamu

Wakuu, salaam. Mimi ni mlinzi, zamu za usiku, na kinachonisaidia nisisinzie ni kusoma majedwali ya zamani ya besiboli ya Marekani. Mwenzangu wa zamu nimeshamwambukiza huo ugonjwa. Juzi tumefika mwaka 1945, tukakwaruzana.

Yeye anataka uwekewe kinyota, yaani alama ya kwamba una walakini: anasema ule haukuwa msimu, ulikuwa wa kupoteza muda Vita Kuu ya Pili iishe, wachezaji wengi wakiwa jeshini. Ushahidi wake ni bingwa wa wapigaji wa American League (moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu), Snuffy Stirnweiss wa Yankees: wastani .309, yaani mapigo mazuri 309 kwa kila nafasi elfu. Tena kamshinda Tony Cuccinello wa Chicago White Sox kwa unywele, .30854 dhidi ya .30846. Mvua ilifuta mechi za mwisho za Chicago, kwa hiyo Cuccinello hakuwa na la kufanya ila kukaa, huku mwenzake siku ya mwisho akipiga tatu kati ya tano. Miaka minne tu kabla ya hapo Ted Williams alimaliza na .406. Halafu 1946, wanajeshi wamerudi, Stirnweiss huyohuyo akaporomoka hadi .251.

Mimi nashikilia kwamba waliocheza walicheza. Ila hoja zimeniishia na leo usiku niko naye tena. Nisaidieni.

MzeeWaJedwali

Mlinzi, wewe hasa ndiye wa kuijua hii. Januari 15, 1942, Rais Roosevelt alimwandikia Jaji Landis, kamishna wa besiboli, kwamba kwa maoni yake ni heri kwa nchi mchezo uendelee. Akaongeza kwamba angependa mechi za usiku ziongezwe, ili watu wa zamu ya mchana nao wapate kuona. Kichekesho ni kwamba mwaka huohuo pale New York mechi za usiku zilikatazwa kwenye viwanja viwili, Ebbets Field na Polo Grounds, maana mwanga wa taa uliwaonyesha manowari za Wajerumani vivuli vya meli baharini.

Sasa, usibishane kwa wastani. Mwambie mwenzako kuhusu Pete Gray. Alipoteza mkono wa kulia akiwa mtoto wa miaka sita, na 1945 alikuwa anacheza nje kabisa, kwenye nyasi za nyuma, kwa St. Louis Browns. Mpira ukija juu anaudaka kwa glavu ya kushoto. Glavu yenyewe alishaitoa pamba karibu yote. Akishadaka, anaibana glavu chini ya kile kipande cha bega kilichobaki, mpira unateleza kifuani, kiganja cha kushoto kinaupokea upande wa pili na kuurusha. Vyote hivyo mkimbiaji wa timu pinzani hajajua afanye nini. Jaribu nyumbani kwa chungwa na soksi, mimi nilijaribu. Chungwa liko chini ya kabati mpaka leo.

Kupiga ndiko kulikomshinda. Warushaji waligundua kwamba mkono mmoja ukishaanza kulizungusha rungu hauwezi kulizuia, wakawa wanamletea mipira ya polepole yenye kupinda. Mechi 77, wastani .218. Na wenzake wengine walinung'unika: ule muda wa kuhamisha mpira, ingawa mfupi, mpinzani aliutumia kuiba hatua moja zaidi.

Lakini Gray hakuokotwa barabarani. 1944 akiwa Memphis, timu ya ligi ndogo, alipiga .333, akaiba besi (vituo vya kukimbilia) 68, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yao. Huyo utamwekea kinyota gani?

BingwaWaKahawa

Kuna mwandishi wa michezo wa Chicago aliulizwa nani atashinda fainali ya 1945 kati ya Chicago Cubs na Detroit Tigers, akajibu kwamba haoni timu hata moja yenye uwezo wa kushinda 😂 Ila Detroit walishinda, 4 kwa 3. Na msisahau Hank Greenberg wa Tigers. Ametoka jeshini, Julai 1 karudi uwanjani, siku hiyohiyo kaupiga mpira ukavuka ukuta. Septemba 30, raundi ya tisa, ya mwisho, besi zote zina watu, akaupiga tena nje, Tigers wakaingia fainali. Waliopigwa ni Browns, timu ya huyo Gray.

DadaMrushaji

Mzee, shikamoo, ila hapa sikubaliani nawe. Habari za Gray zinaelezwa kila mara kana kwamba watu walikuwa wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Cincinnati Reds 1944 walimsimamisha mtoto wa miaka 15, Joe Nuxhall, awarushie Cardinals. Aliwatoa wawili, akawapa watano besi za bure, zikaingia pointi tano kabla hajaondolewa. Mechi iliisha 18 kwa 0. Wakati huohuo Satchel Paige alikuwepo, mzima wa afya, anarusha na Kansas City Monarchs kwenye ligi ya weusi, maana Ligi Kuu haikuwachukua weusi.

Na Aprili 16, 1945 weusi watatu, Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams, walifanyiwa majaribio Fenway Park, uwanja wa Boston Red Sox. Wakapiga, wakakimbia, wakaaga. Red Sox hawakumsajili hata mmoja, na mchezaji wao wa kwanza mweusi aliingia 1959. Jethroe alikuja kuwa mchezaji mgeni bora wa National League, ile ligi ya pili ya Ligi Kuu, 1950, umri ukiwa umeshasogea.

Kwa hiyo kama kinyota kinawekwa kwa sababu wachezaji bora hawakuwepo uwanjani, basi kiwekwe na 1941 pia. Ile .406 ya Williams ilipigwa bila hata mrushaji mmoja mweusi mbele yake. Mlinzi, kamwambie mwenzako ajibu hilo kwanza.

MzeeWaJedwali

Marahaba, dada. Hapo umenibana. Nafuta "huyo utamwekea kinyota gani", naacha mengine.

MlinziWaZamu

Nimerudi. Nilimsomea yote, akasikiliza mpaka kwa dada, akasema atalifikiria. Kwake yeye hayo ni mengi.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: Cuccinello alipiga ngapi 1946? Nikashuka na jedwali, nikakuta mstari wake unaishia 1945. White Sox walimwachia msimu ulipoisha, umri miaka 37, vijana wanarudi kutoka vitani. Alikosa ubingwa kwa .00008 na hakucheza tena Ligi Kuu.

Mwenzangu kaichukua kalamu, kwenye daftari letu kaandika .30846, kapigia mstari. Kinyota hakuweka.