Mjadala: Je, kuyapima mafundisho ya mchungaji maarufu kwa Biblia ni kumgusa masihi wa Bwana?

Wapendwa, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa maana limeanza kuwagawa watu wanaosali pamoja. Yuko mchungaji anayesikilizwa na maelfu, ambaye hurudia mafundisho matatu: kwamba mwamini mwenye imani kamili hapaswi kuugua, kwamba asiyetoa zaka yuko chini ya laana, na kwamba utajiri ni haki ya kila aliyeokoka. Baadhi ya washirika walipouliza mafundisho hayo yamesimama juu ya andiko gani, walijibiwa kwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu," yaani mchungaji ni masihi, mpakwa mafuta wa Bwana, na hapaswi kuhojiwa; na mazungumzo yakaishia hapo. Simtaji jina kwa sababu ninachotaka tukipime ni mafundisho, nayo hayafundishwi na mtu mmoja tu.

Msimamo wangu nausema mapema: kumpima mhubiri ni wajibu wa kila anayemsikiliza, na andiko linalotumiwa kuzuia upimaji huo ndilo linalopaswa kupimwa kwanza.

Tuisome zaburi yenyewe. Mistari inayotangulia inawazungumzia mababa, yaani Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache na wageni, wakitoka taifa moja kwenda jingine, huku Mungu akiwakemea wafalme kwa ajili yao. Habari inayolingana na maneno hayo ni ile ya Mwanzo 20, ambako Abimeleki, mfalme wa Gerari, alimtwaa Sara, naye Mungu akamwambia katika ndoto amrudishe kwa mumewe Ibrahimu, kwa kuwa huyo mume ni nabii. "Kugusa" kunakozungumzwa, basi, ni kudhuru na kunyang'anya. Na kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa: katika sura hiyohiyo, Abimeleki alimwita Ibrahimu akamuuliza waziwazi, "Umetutenda nini?", kwa sababu nabii huyo alikuwa amemficha ukweli kuhusu mke wake. Mungu hakumkemea mfalme kwa swali hilo. Daudi naye alikataa kumuua mfalme Sauli pangoni kwa kuwa ni masihi wa Bwana, lakini alitoka nje, akamwita kwa sauti, akamweleza makosa yake na kumwomba Bwana aamue kati yao (1 Samweli 24). Heshima kwa aliyepakwa mafuta haikumziba mdomo.

Agano Jipya halina shaka katika hili. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, mtume, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo aliyoyasema ndivyo yalivyo, na Luka anawaita waungwana (Matendo 17:11). Paulo huyohuyo alimpinga Petro mbele ya wote huko Antiokia. Aliwaagiza Wakorintho kwamba manabii wawili au watatu wanene na wengine wapambanue. Sioni ni mhubiri gani wa leo aliye juu ya Paulo na Petro.

Sasa tuyatazame mafundisho yenyewe, nikianza na lile linaloniuma zaidi. Fundisho la kwamba mwenye imani haugui hujengwa juu ya Isaya 53:5, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Nakiri kwamba Mathayo 8:17 huihusisha sura hiyo na uponyaji wa magonjwa, kwa hiyo wanaoomba kwa ajili ya wagonjwa hawana kosa, na mimi pia huomba. Kosa linaanza pale ugonjwa unapogeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mgonjwa. Timotheo alikuwa na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo akamshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Epafrodito aliugua karibu na kufa, na Paulo, badala ya kumlaumu, aliagiza Wafilipi wamheshimu. Nimekaa kando ya kitanda cha mama mmoja aliyetumia wiki zake za mwisho akijiuliza ni dhambi gani hajaiungama, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amefundishwa. Rafiki zake Ayubu walifundisha jambo hilohilo, na Mungu aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa.

Kuhusu zaka, andiko linalosomwa ni Malaki 3:8-10, linalosema wasiotoa zaka wanamwibia Mungu na wamelaaniwa, na husomwa kana kwamba kitabu kinaanzia hapo. Sura ya pili inafungua kwa maneno yanayowaelekea makuhani, waliokuwa wamewakwaza wengi kwa mafundisho yao. Tena torati iliyoiweka zaka inasema, katika Kumbukumbu la Torati 14:28-29, kwamba kila mwaka wa tatu ilipaswa kuwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Mchungaji anayemtishia mjane kwa laana ya Malaki ameligeuza andiko likamdai yule ambaye lilitakiwa kumlisha. Sipingi utoaji, kwani kanisa haliendeshwi kwa upepo, lakini Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu changizo alisema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima."

Fundisho la utajiri halihitaji maneno mengi. Nguzo yake kubwa, 3 Yohana 2, ni salamu ya mzee kwa rafiki yake Gayo, akimtakia mafanikio na afya. Salamu njema si ahadi kwa kila mwamini.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba watu wanapona katika huduma yake, na mti hujulikana kwa matunda. Lakini Kumbukumbu la Torati 13 linazungumzia nabii ambaye ishara yake inatokea kweli, na bado Israeli wanakatazwa kumsikiliza akiwageuza kutoka kwa Bwana. Na katika Mathayo 7, sura hiyohiyo ya mti na matunda, wapo watakaosema walitoa pepo na kufanya miujiza kwa jina lake Yesu, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Wanaotukumbusha "Msihukumu" nao wanainukuu sura hii, ambayo mistari michache mbele inatuonya tujihadhari na manabii wa uongo. Hatuwezi kujihadhari na tusichokipima.

Jibu la pili ni zito zaidi: kila mtu ana tafsiri yake, kwa hiyo nani ampime nani? Nalikubali kwa sehemu, na ndiyo maana sheria hii ya kupima kwa haki inanifunga mimi kwanza. Asiyesikiliza mahubiri yote, akachukua kipande cha dakika mbili na kumwita mtu nabii wa uongo, ametenda kosa lilelile la anayekata mstari mmoja kutoka katika sura yake. Prisila na Akila walipogundua kwamba mhubiri Apolo hajui jambo zima, walimchukua kwao na kumweleza kwa usahihi zaidi. Lakini tafsiri kuwa nyingi hakuzifanyi zote kuwa sawa. Anayedai kwamba zaburi ile inakataza maswali, na anayesema inakataza kuwadhuru mababa, wanaweza kufungua Biblia pamoja na kuona ni nani anayesoma kilichoandikwa.

Hoja iliyonisumbua kuliko zote ni ya Wafilipi 1:15-18, ambapo Paulo anasema wengine wanamhubiri Kristo kwa husuda, na bado anafurahi kwamba Kristo anahubiriwa. Je, nasi tufurahi na kunyamaza? Naona hapo Paulo anavumilia nia mbaya iliyobeba ujumbe wa kweli, ilhali katika Wagalatia 1:8 hamvumilii hata malaika akileta injili nyingine. Kwa hiyo nia ya mchungaji huyu namwachia Mungu, na swali langu linabaki kwenye ujumbe. Wanaoyatetea mafundisho haya matatu naomba waniletee andiko pamoja na sura yake nzima, nami nitaisoma mpaka mwisho kabla ya kujibu.